Mama Rimu na Saa Iliyoanuliwa

Jua limeshachomoza vizuri. Ukingoni mwa mto mkavu, mwanamke mmoja ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wa gauni ameupandisha hadi kwenye kiwiko, na mkono wake wa kushoto ameunyoosha mbele kama anayesubiri kuchomwa sindano. Amevaa saa nyeusi, nene, yenye vitufe pembeni. Kioo chake ni kitupu. Hakuna namba hata moja.

Chini yake, ndani ya mto, watu wapatao thelathini wanachimba mchanga. Baadhi ya mashimo yana kina cha kummeza mtu mzima, na kinachoonekana kwa juu ni mchanga unaorushwa tu. Malori manne yamepanga foleni, madereva wanapiga honi za kuharakisha.

"Ikiniambia mabaya, najua la kufanya," anasema bila kuiondolea saa macho. "Ikininyamazia hivi ndiyo naogopa."

Hapa mtoni anaitwa Mama Rimu, kwa sababu ya rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo nyuma yake. Kando ya rimu kuna kipande cha nondo. Akiigonga, kila aliye mtoni anatakiwa kutupa beleshi na kupanda ukingoni bila kuuliza. Hayo ndiyo makubaliano. Kuuliza kupo, na matusi madogo madogo hayakosekani.

Mto huu ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini maji yake hayapigi hodi. Mvua hunyesha vilimani, mbali, huku wachimbaji wakiunguzwa na jua, kisha maji yanafika yakiwa na hasira za huko yalikotoka. Mwaka juzi yaliwachukua watu wawili. Mmoja alikuwa kitinda mimba wa kwao Mama Rimu. Walimkuta chini kabisa, kwenye matete, na beleshi lake halijaonekana mpaka leo.

Baada ya msiba ule wachimbaji walichanga. Kila mmoja alitoa malipo yake ya lori moja, wakanunua saa hii ya kuvaa porini, inayochajiwa kwa jua. Ina dira, kipima joto, taa, kengele na, kubwa kuliko yote, kipimo cha uzito wa hewa. Uzito huo ukishuka ghafla, wao husema hewa imeshuka, na huenda mvua inakuja. Wakamkabidhi Mama Rimu, ambaye mgongo ulikuwa umeshamkatalia kuchimba.

"Dira sijaihitaji," anatania. "Mto naujua unakokwenda."

Mwanzo wake haukuwa mwema. Wiki za kwanza aliona hewa ikishuka kila alasiri, naye kila alasiri akaigonga rimu. Watu wanapanda, wanakaa, mvua haiji hata ya kulowesha vumbi. Malori yakaondoka nusu tupu. Walikuwa karibu kumnyang'anya saa alipogundua kwamba hewa ina kawaida yake: asubuhi hupanda mpaka kama saa nne, halafu hushuka mpaka jioni, hata kama mbingu ni nyeupe. Cha kuogopwa ni hewa inayoshuka asubuhi, wakati ilipaswa kupanda.

Alijifunza, ila watu hawasahau. Mpaka leo akikohoa tu kuna mtu atauliza kama hiyo nayo ni dalili ya mvua. Zaidi ya hapo, yeye hulipwa kutoka kwenye lori la mwisho la siku. Akiwapandisha watu mapema, lori la mwisho haliondoki, na yeye anarudi nyumbani mikono mitupu kama wao. Kwa hiyo hakuna mtu anayeichukia rimu kuliko anayeigonga.

Leo kuna sababu ya ziada ya kutokuwa na subira. Wiki nzima malori hayakuja kwa kuwa barabara ilikuwa ikichongwa. Ni siku ya kwanza ya kazi, na nyumba nyingi zimekuwa zikila kwa kukopa. Alfajiri Mama Rimu aliwaomba wasubiri saa iamke kwanza. Walimcheka, wakashuka. Aliyetangulia alikuwa mume wake, anayeitwa Kisima kutokana na mashimo yake, ambayo hayana kipimo.

Kilichoilaza saa ni neno moja tu.

Mama Rimu hasemi anachaji saa. Anasema anaianika. Wiki iliyopita, baada ya siku nyingi za mawingu na za kuvaa koti la mikono mirefu, saa ilianza kuonyesha alama ya kuomba jua. Kwa kuwa kazi mtoni ilikuwa imesimama, aliitundika kwenye msumari wa ukuta wa nje, akamwambia mama mkwe wake, "Mama, nimeianika saa," akaenda zake kupalilia.

Mchana wingu likatanda. Mama mkwe akafanya kile ambacho mwanamke yeyote mwenye akili hufanya wingu likitanda. Akaanua nguo, akaanua kuni, akaianua na saa. Kitu cha watu, cha gharama, akakiviringisha kwenye kitambaa na kukiweka chini kabisa ya sanduku lake, kisipate unyevu.

Kila jioni Mama Rimu aliukuta msumari mtupu, akajua saa imeingizwa ndani kulala, na asubuhi itatolewa. Asubuhi alikuwa shambani kabla ya jua. Siku zikapita hivyo, saa ikiwa gizani. Leo alfajiri mama mkwe alifungua sanduku, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Nimekutunzia," alimwambia. Mkamwana alifungua kitambaa, akabonyeza vitufe vyote, kimya. Alishukuru, akatoka mbio kuwahi mtoni.

Sasa amekaa anaiotesha jua. Dereva mmoja, kwa nia njema kabisa, anamshauri aiweke mbele ya usukani, nyuma ya kioo cha lori, ambako jua linaunguza. Mama Rimu anakataa. Inataka mwanga, anamweleza, haitaki kuokwa. Joto la pale linaua betri. Anaigeuza geuza ili mwanga uigonge sawasawa.

Inapofika kama saa tatu, kioo kinapepesa. Namba zinatokea. Wachimbaji wawili waliokuja kunywa maji wanainamia kuangalia, mmoja anaangua kicheko. Saa imeanza upya kama mtoto aliyezaliwa, na inaonyesha kwamba ni saa sita kamili za usiku.

"Yenyewe inasema ni usiku wa manane," anasema yule mchimbaji. "Na hiyo ndiyo ituambie habari za mvua?"

Mama Rimu anabonyeza kitufe cha hewa. Baada ya kusitasita, namba inakuja. Lakini ule mchoro mdogo unaoonyesha hewa ilivyokwenda tangu jana umefutika wote. Saa imeamka haikumbuki chochote.

"Namba moja ni uvumi," anamwambia mwandishi wa makala hii. "Nahitaji ya pili ndiyo iwe habari. Nyinyi si ndivyo mnavyofanya?"

Anasubiri. Mwandishi naye, kwa kukosa la kufanya, anashuka mtoni kupiga picha. Ndani ya shimo la Kisima kuna ubaridi mzuri, na ukiinua macho unaona duara la anga ya samawati lisilo na doa. Kisima anachimba akipiga mluzi. Anasema mkewe ni mwanamke mzuri, ila tangu apewe saa amekuwa kama bibi harusi, kila mara anaangalia mkono.

Mwandishi anaporudi ukingoni, Mama Rimu amebadilika uso. Amebonyeza tena. Namba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, kwa hatua moja tu, katika muda ambao ilipaswa kupanda.

Hatua moja si kitu. Huenda ni joto la mkono, huenda saa bado ina usingizi, huenda ni betri yenye njaa inayosema ovyo. Anayasema yote hayo kwa sauti, peke yake, huku akiangalia vilima. Vilima vimetulia, na jua linawaka juu yake, juu yetu na juu ya malori. Anamtaja marehemu mdogo wake kwa jina la utani la utotoni. Kisha anainuka, anachukua nondo, na kuigonga rimu.

Mlio wake unauma meno. Mashimoni vichwa vinachomoza. Kwanza hakuna anayesogea, wanaangalia juu, wanaangalia anga, wanamwangalia yeye. Anagonga bila kupumzika. Mmoja anatupa beleshi, wa pili anamfuata, halafu wote wanapanda wakisonya, na yaliyosemwa pale hayafai gazetini. Madereva wanazima injini. Mwanamke mmoja aliyekuwa na karai kichwani anaumwaga mchanga miguuni pa Mama Rimu na kukaa chini akilia, kwa sababu nyumbani ameacha sufuria tupu.

Kisima hajapanda.

Mama Rimu anatupa nondo na kushuka mwenyewe mtoni, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu akabidhiwe saa. Anasimama kwenye mdomo wa shimo. Kutoka ukingoni tunasikia kila neno.

"Baba watoto, panda."

"Nimebakiza karai tatu. Saa yako ina uhakika?"

"Haina. Na mimi sina. Panda hivyo hivyo."

Halafu mkono unatokea, na yeye anaushika, na wanatoka mtoni wakiwa wameshikana kama watu waliogombana sokoni.

Kinachofuata ni kusubiri, na kusubiri kwenyewe ni kubaya kuliko kelele. Watu thelathini wamekaa ukingoni wakiangalia mchanga mkavu. Dereva wa lori la kwanza anatangaza kwamba anaondoka kutafuta mto wenye watu wanaotaka kazi. Wachimbaji wawili wanasimama, wanakung'uta suruali, na kusema wanarudi mashimoni. Mama Rimu anasimama kwenye njia ya kushukia, mikono kiunoni, na wao wanashindwa kumsukuma mwanamke mbele ya mumewe.

Wakati bado wanabishana naye, mtu mmoja anasema, "Nyamazeni."

Kunasikika mngurumo wa chini, kama wa lori linalopanda mlima bila kufika. Kila mtu anageuka kuangalia malori, na malori yote yamezimwa. Kisha kwenye kona ya mto unatokea ulimi wa maji ya kahawia, mwembamba, unaosukuma vijiti na povu. Unakuja taratibu kiasi kwamba mtu angeweza kuukimbia. Nyuma yake maji yamefika magotini, na nyuma ya hayo yanafika kifuani. Yanaingia shimo moja, yanalijaza, yanakwenda linalofuata. Shimo la Kisima yalichukua muda kidogo kulijaza, halafu likafutika kana kwamba hapajachimbwa.

Yule mwanamke wa karai alikuja akamshika Mama Rimu kiganja, akakaa nacho. Mwandishi wa makala hii, ambaye kitambo kidogo kabla alikuwa ndani ya shimo lile akifurahia ubaridi, alisahau hata kupiga picha. Kisima aliomba apewe saa, akaipangusa kioo kwa pindo la shati, akairudisha mkononi mwa mkewe.

Jioni, nyumbani kwao, habari zilikuwa zimeshatangulia. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, sanduku lake liko wazi mbele yake. Alitaka jambo lieleweke kabla hatujaketi.

"Uliniambia umeianika," alimwambia mkamwana wake. "Wingu likatanda. Kitu kilichoanikwa, wingu likitanda, unakifanyaje?"

"Unakianua, mama."

"Basi nikakianua." Alikuwa anamwangalia Kisima, mwanawe wa pekee, aliyekuwa anaosha miguu uani. "Kumbe nilikuwa namwanika mwanangu."

Mama Rimu alipiga magoti karibu naye, akamwambia kosa ni lake mwenyewe, kwamba alitumia neno la nguo kwa kitu kisichoogopa mvua. Saa hii inaingia majini na kutoka nzima. Kinachoiua ni giza. Mama mkwe aliuliza mara mbili kama kweli haiogopi mvua, kisha akafunga sanduku.

Tangu siku ile wachimbaji hawagombani sana na rimu, ingawa matusi madogo hayajaisha, na Mama Rimu anasema yakiisha ataona upweke. Mpango wake ni saa ya pili, ivaliwe na mtu anayeishi kule chini ya vilima, mwenye simu, ili asiishie kubahatisha maji kwa hewa. Michango imeanza. Wa kwanza kutoa alikuwa yule mchimbaji aliyeicheka saa ilipoonyesha usiku wa manane. Mama Rimu anataka pia wote wanaoishi na saa, wakubwa kwa wadogo, wafundishwe kuisoma na kuilisha jua.

Wakati akieleza hayo, siku mwandishi alipowatembelea tena nyumbani, wingu lilikuwa limetanda, na matone ya kwanza yakaanza kupiga bati. Mama mkwe aliinuka haraka kuliko umri wake. Alianua shuka, akaanua magauni, akabeba kuni kwapani. Alipofika kwenye ule msumari wa ukutani alisimama. Saa ilikuwa inaning'inia, kioo chake kikilowa. Mkono wake uliinuka, ukabaki hewani, ukashuka.

"Hii niiache inyeshewe," alisema, akitaka kusikia jibu.

"Iache, mama."

Akaingia ndani na mzigo wake. Mlangoni aligeuka kuitazama tena, kisha akamwambia mwandishi, taratibu, kama anayemfundisha mtoto asije akarudia kosa lake.

"Hiyo haianuliwi. Hiyo inaanua watu."