Kidole Tumbo cha Mbuzi

Njia za upande ule wa Magu nazikwepa mpaka leo, na mtu akiniuliza sababu huwa nasema kule kuna vumbi, lakini kwa kuwa tumekaa wenyewe kwa wenyewe nitasema ukweli: naogopa kuchekwa. Kuna kijiji kimoja kando ya ziwa ambako nikitokeza tu pua yangu, hata mbuzi watajua nani kafika.

Mimi, kama mnavyojua, ni mtu wa ng'ambo, Bukoba, na shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga (walimu wangu watasema vingine) ila kwa sababu kila nilichotaka kukijua hakikuwa kwenye vitabu vya darasa la sita. Mwanza nilifanya kazi nyingi, na niliyodumu nayo zaidi ilikuwa kuosha matumbo ya ng'ombe na mbuzi wa machinjioni. Wenzangu waliosha wakiwa wamegeuza nyuso. Mimi nilikuwa nafungua na kuchungulia. Nilijua kwamba tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, kimoja kina manyoya kama taulo, kimoja ni kama sega la nyuki, kimoja kina kurasa kama kitabu (na hicho ndicho kitabu pekee nilichowahi kukimaliza), na cha nne ndicho kinachofanana na tumbo la mtu. Nilijua bandama inakaa wapi na nyongo inashikwaje isipasuke ikaharibu ini. Basi, mtu akishajua mambo matatu ambayo jirani yake hayajui, anaanza kudhani anajua na la nne.

Asubuhi moja niliamka chumbani kwangu Mirongo nikaona nimeichoka Mwanza, nikafunga shuka na shati kwenye fulana, nikaenda kusimama barabarani bila kujua naelekea wapi. Lori la kwanza kusimama lilikuwa linakwenda upande wa Magu kuchukua pamba. Lingekuwa la Misungwi ningekwenda Misungwi, na leo ningekuwa mtu wa heshima zangu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wamehamishwa na kupangwa kwa mistari kama matuta ya viazi. Kijiji tulichofika kilikuwa kinamsubiri mgeni kutoka wilayani, kwa hiyo uwanja ulifagiliwa, akina mama walikuwa wanajaribu nyimbo, na nyuma ya ghala la pamba mbuzi alikuwa anachinjwa. Miguu ilinipeleka huko yenyewe. Nikasema mimi ni mtaalamu wa matumbo, niachieni (nilikuwa na njaa, na mwosha matumbo hakosi kipande), wakaniachia.

Sasa hapo hapo, kwenye kivuli cha ghala, alikuwa amelala mkulima mmoja anaitwa Masalu, amejikunja kama kambale kwenye kikapu. Mkewe, Kabula, alikuwa anampepea kwa kanga. Na mganga wa zahanati, mtu mpole aliyetoka kijiji cha pili kwa baiskeli, alikuwa amepiga magoti anambonyeza tumbo.

"Lilianzia kitovuni jana," Masalu akasema, "leo limehamia huku chini, kulia."

Mganga akabonyeza, akaachia ghafla. Masalu akapiga ukelele.

"Hiki ni kidole tumbo, na kimeiva," mganga akasema. "Apandishwe kwenye lori hili hili la pamba, aende Mwanza akapasuliwe leo."

Neno "akapasuliwe" lilimfanya Masalu aache hata kuugua. Alitutazama mmoja mmoja, na macho yake yalikuwa yanatafuta mtu wa kusema hapana. Wanakijiji wote wakatazama chini. Nami, nikiwa na utumbo wa mbuzi mikononi, nikasema:

"Kidole tumbo ndicho nini?"

Ndilo kosa lenyewe, hilo swali. Ningeweza kunyamaza nikaosha.

Mganga akaeleza kwa upole kwamba pale utumbo mwembamba unapoungana na ule mpana kuna kijiutumbo kidogo, kimefungwa mwisho, kinaning'inia kama kidole, na kikivimba huua.

"Ndugu mganga," nikasema, "mimi nimefungua matumbo zaidi ya watu wote waliopo hapa, na hicho kidole sijawahi kukiona."

Minong'ono ikaanza. "Huyu nani?" "Katokea Mwanza." "Lakini mwenyewe Mhaya." "Aaa, Mhaya! Basi huyo msomi." Nikasikia vizuri kabisa, na sikusahihisha. (Mtu wa Bukoba akikataa kuitwa msomi atawaaibisha ndugu zake.)

"Unafungua matumbo ya nani?" mganga akauliza.

"Ya ng'ombe na mbuzi."

"Binadamu si mbuzi."

"Ini si ini? Figo si mbili kwa mbili? Mbuzi ana nyongo, wewe una nyongo, bandama unayo na yeye anayo. Iweje Mungu akupe wewe kidole halafu amnyime mbuzi?"

Watu wakacheka na kupiga makofi, na mimi nikavimba kichwa. Nikatandika gunia chini, nikamwaga utumbo wa mbuzi juu yake, nikaunyoosha wote kuanzia kile chumba cha nne mpaka mlango wa nyuma, huku nikipita nao kwa vidole na kuhesabu kwa sauti kama mwalimu: huu mwembamba, huu mpana, hapa ndipo vinapoungana, haya, kidole kiko wapi?

Mganga akainama. "Hiki kifuko hapa ni nini?"

Kweli palikuwa na kifuko kipana kilichofungwa mwisho, na nilikuwa nakiona kila siku.

"Hicho ni kifuko," nikasema. "Kidole kina ncha. Wewe umewahi kuona kidole kipana namna hiyo?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na kana kwamba shetani amempangia saa, mgeni wa wilayani akashuka kwenye Landrova wakati huo huo, mtu mwenye tumbo lililomtangulia hatua moja, akauliza kuna nini, akaelezwa, akafurahi mno. Akasema huu ndio uchunguzi wa kisayansi tunaoutaka vijijini, kwamba wakoloni walitufundisha kuogopa miili yetu wenyewe, na kwamba kujitegemea huanzia tumboni. Wakashangilia. Dereva wa lori akapiga honi, akauliza mgonjwa anapanda au hapandi, na Masalu akatikisa kichwa kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Lori likaondoka. Mganga akaufuta mkono wake kwenye suruali, akachukua baiskeli, akaenda zake.

Kabula peke yake hakucheka. Alinitazama, akasema, "Baba, una uhakika?"

"Shemeji, si umeona mwenyewe?"

Masalu aliponyanyuka kidogo akanywa supu, nilijiona nimemponya. Mgeni alikula maini, akahutubia, akala tena, akapanda Landrova yake (iliyokuwa na nafasi tupu nyuma, nakumbuka vizuri sana) akaondoka. Vumbi lake halijatua, Masalu akatapika supu yote, akaanza kutetemeka kama yuko ndani ya maji. Nilimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao wa mtumbwi. Na mimi, mtaalamu, nilisimama pale nimetoa macho, maana mbuzi wangu wote niliowafungua walikuwa wameshakufa, hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama usoni akaniambia, "Kaka, nakufa."

Mtu alimkimbilia mganga. Mganga akarudi. Nilimngojea anitukane, ningelipenda anitukane, lakini aliweka mkono tumboni kwa Masalu, akasema neno moja: "Kitanda."

Wanaume wanne wakambeba kwa kitanda cha kamba kuelekea barabara kuu, na Kabula akaniambia niushike mguu wa mbele, kulia. Wale wengine walikuwa wanapokezana. Kila mtu alipokuja kunipokea, Kabula alisema, "Huyo mwacheni." Ila bega halikuwa adhabu kubwa. Adhabu ilikuwa njia. Usukumani huwezi kukipita kitanda cha mgonjwa kimya kimya, ni lazima usimame, usalimie kwa Kisukuma, uulize.

"Mwadila! Poleni. Mgonjwa ana nini?"

"Muulizeni huyu mtaalamu," Kabula akajibu bila kugeuka.

Nami, jasho likinitiririka, ikabidi niseme, "Ana kidole tumbo."

"Mbona hamkumpeleka mapema?"

"Mwambie," Kabula akasema.

"Nilisema... nilisema hakipo."

"Ulijuaje hakipo?"

"Mwambie."

"Nilitazama kwa mbuzi."

Bibi mmoja aliyebeba kuni alizitua kabisa ili asikie vizuri. "Kwa mbuzi?" akasema. "Na mbuzi naye alikuwa anaumwa?" Wabebaji wenzangu, ambao walikuwa na hofu na huzuni, walianza kucheka mpaka kitanda kikayumba, halafu Masalu akaugua na sisi sote tukanyamaza, tukakimbia. Kisha tukakutana na wengine. "Mwadila! Ana nini?" Nilisema habari ile kwa wachunga ng'ombe, kwa kwaya ya Walutheri iliyokuwa inatoka mazoezini, kwa fundi baiskeli, kwa mzee kiziwi ambaye ilibidi nimpigie kelele neno MBUZI. Mganga alikuwa anatembea pembeni, anaisukuma baiskeli yake, na kila nilipomwangalia aliyageuzia macho yake ziwani. Sijui alikuwa ananihurumia au anazuia kicheko.

Barabarani tulipata gari la samaki. Tukampakia Masalu juu ya makapu ya sato, na mpaka tunaingia Mwanza jua likizama, mkono wake mmoja ulikuwa umemshika mkewe na mwingine umenishika mimi, kwa nguvu ya mtu anayezama.

Wakamwingiza chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa, tukabaki kwenye benchi. Kabula alisema kitu kimoja tu: "Nina watoto watano." Hakunitazama aliposema.

Baada ya muda mrefu akatoka daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, ameshika sahani ya chuma. "Ndugu wa Masalu?"

"Mimi mkewe," Kabula akasimama.

"Atapona. Mngechelewa kidogo zaidi ningekuwa nakwambia maneno mengine."

Kabula akakaa chini sakafuni, akalia. Kisha akanielekezea kidole bila kuinua uso. "Mwonyeshe na huyu. Huyu alikitafuta kwa mbuzi."

Daktari alisimuliwa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili anione vizuri. "Mbuzi hana," akasema. "Ng'ombe hana, nguruwe hana. Sungura anacho. Mngechinja sungura, mgonjwa angekuwa hapa tangu mchana."

Akainamisha sahani. Kilikuwepo. Kirefu kama kidole changu cha mwisho, chekundu, kimevimba, ncha yake nyeusi. Sasa mnielewe: nilikuwa nimeaibika toka utosini hadi kisiginoni, nilikuwa nimemponza mtu aliyenisikiliza, mkewe analia miguuni pangu, na bado, wallahi, mdomo huu huu ukafunguka ukasema:

"Daktari, naweza kukishika?"

"Toka hapa!" muuguzi akafoka.

Kulipokucha Masalu alifumbua macho. Wodi nzima ilikuwa imeshapata habari (dereva wa gari la samaki aliisambaza kabla hata hajashusha mzigo). Aliniona.

"Kilikuwepo?" akauliza.

"Kilikuwepo, kaka. Nisamehe."

"Nilikupenda kwa sababu ulisema hakipo," akasema. "Ungekuwa mpumbavu asiye na maneno matamu nisingekusikiliza."

Sijapata kupigwa kofi lililoniingia kama maneno yale.

Kabula alikuwa anafunga kanga, tayari kurudi kwa watoto. Akatupa mkeka chini ya kitanda cha mumewe. "Wewe utalala hapo," akaniambia. "Utamnywesha uji, utamwaga beseni, utamgeuza. Daktari akisema kitu, unafanya. Na wewe usiseme kitu."

"Sawa, shemeji."

"Nikirudi nikamkuta ana shida, nakufungua mimi mwenyewe."

Basi hayo ndiyo yakawa makazi yangu mapya mjini Mwanza, mji niliokuwa nimeuhama jana yake: mkeka, sakafu ya saruji na springi za kitanda juu ya pua yangu. Nikajilaza. Niliapa pale chini kwamba sitasema tena kilichomo ndani ya kitu chochote kilicho hai kabla sijamuuliza aliyewahi kukitibu.

Sijamaliza kuapa, mzee wa kitanda cha pili akainama akanichungulia.

"Wewe ndiye yule daktari?"

"Shikamoo, mzee. Hapana."

"Marahaba. Hebu niambie, hapa kushoto chini ya mbavu pananichoma. Panakaa nini hapo?"

Nilipajua. Bandama. Nilikuwa naijua kama kiganja changu. Neno lilinijia mpaka kwenye meno, nikalimeza.

"Sijui, mzee. Muulize daktari."

"Hujui hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mzee akamgeukia Masalu. "Bwana," akasema, "kumbe jana walipasua wawili. Huyu wamemtoa ujuaji."