Maziwa ya Manjano Ninayoyamwaga

Admin, nifichie jina, tafadhali.

Mimi ni mama wa miaka sabini na mbili, naishi peke yangu mtaa wa Jericho, Nairobi. Nilizaliwa Kismayu, Somalia, vita vilinileta huku zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Mume wangu alifariki, wanangu wako ughaibuni, na simu zao huja Ijumaa.

Mwaka wa pili huu nina uchovu usioisha kwa usingizi. Nikifua shuka moja, siku nzima imekwisha. Jirani yangu, muuza viungo sokoni, alinikuta siku moja nimekaa kando ya njia na kikapu changu, akanishika mkono mpaka mlangoni. Tangu hapo kila alasiri huniletea kikombe kikubwa cha maziwa yaliyotiwa manjano, vijiko viwili vikubwa, na pilipili manga. Hukaa saa nzima akinipa habari za soko.

Daktari aliposikia alisema, "Nyanya, manjano ya mchuzini hayana neno. Lakini kwa kiasi hicho, na wewe unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, unaweza kutokwa na damu. Acha." Nami nilikuwa nimesoma kwamba manjano bado yanachunguzwa kwa uchovu kama wangu, jibu la hakika halijapatikana.

Sikumwambia jirani. Humwambia nitakunywa nikishaswali, kisha namwaga. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, basi kikombe chake hukirudisha na kaimati, ambazo huzikaanga nimekaa, halafu nalala. Yeye akaona nimepata nguvu.

"Shosho, siku hizi unapika? Si nilikwambia?"

Jumanne alikuja na mama mzee wa kanisani kwao, anayepumua kwa taabu.

"Muone huyu," akamwambia. "Alikuwa maiti imevaa viatu."

Yule mama akanitazama. "Ni ukweli ilikusaidia?"

Jirani yangu alikuwa amekunja miguu kwenye mkeka wangu, anatabasamu. Nikasema ndiyo. Sikumwuliza mgeni anatumia dawa gani.

Nikisema kweli sasa, jirani atajua nimemdanganya miezi mitano, na ile saa moja ya alasiri sijui kama nitaipata tena. Nikinyamaza, yule mama anakunywa kwa neno langu. Kwa jirani ni mlango wa nne kutoka kwangu. Nimefika wa pili mara mbili nikarudi, na si uchovu ulionirudisha.

Ninyi mlio na watu wa kuzungumza nao, nishaurini: nianze na neno gani?