Nukta Mbili Chini ya Ulimi

Kila asubuhi, kabla hajavaa aproni, Fundi Meno aliwasalimia watu wa dirishani. "Mmeamkaje?" Watu wenyewe ni vinywa vya plasta, vimepangwa dirishani kwa mstari, kila kimoja na jina la mgonjwa kwa penseli ubavuni. Akishawasalimia, anawasha taa ya spiriti, anapasha kisu cha nta, anaanza kupanga meno.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya kliniki, kati ya choo na stoo. Mbele alikaa Daktari na koti lake jeupe, vyeti vitatu ukutani. Mgonjwa alifungua kinywa mbele, vipimo vikaletwa nyuma, na wiki ikiisha meno ya bandia yakarudi mbele kwenye kisahani kilichofunikwa kitambaa.

"Haya mama, nimekuchongea kwa mikono yangu hii," Daktari alikuwa akisema.

Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Fundi Meno alilisikia neno hilo miaka kumi na minne na hakukasirika. Kusifiwa ni kusifiwa, alijiambia, hata kama kumepita ukutani. Ila alikuwa na siri yake ndogo. Mwaka wa pili meno ya karakana nyingine yaliletwa yamevunjika, yakadhaniwa ni yake, ikawa vurugu. Tangu siku hiyo kila seti aliyomaliza aliitoboa nukta mbili ndogo upande wa ndani, chini, mahali ulimi haufiki. Hakumwambia mtu.

Mdogo wake, anayeuza madaftari sokoni, ndiye aliyeleta habari. "Dada, chuo kikuu kimetangaza. Mtu mwenye ujuzi wa kazini anahesabiwa kama aliyesoma. Nenda, utakufa na aproni hiyo!"

Akaenda. Alibeba cheti cha mwaka mmoja aliosoma ufundi wa meno ujanani, kabla baba yao hajafariki na karo ikakatika. Karani akakigeuza mbele na nyuma.

"Masomo yaliyozidi miaka kumi hayahamishiki, mama."

"Yameoza?"

"Yamepitwa na muda."

"Basi kuna bibi wa miaka themanini anatafuna mahindi kwa hayo yaliyopitwa na muda."

Karani akacheka, akamwonyesha mlango wa pili: utambuzi wa ujuzi wa kazini. Akikubaliwa, atahesabiwa miaka miwili, atasoma mmoja tu, kisha apewe leseni. Leseni maana yake ni sahihi yake mwenyewe, na karakana yake mwenyewe. Zilitakiwa sampuli za kazi, mahojiano, na barua ya mwajiri iliyofungwa kwa gundi na mhuri.

"Dada yangu," Daktari alisema, mkono kifuani, "hiyo barua nitaiandika kwa moyo wote." Baada ya siku mbili akamkabidhi bahasha. "Nimekusifu mpaka kalamu imechoka."

Usiku huo bahasha ililala chini ya mto wake. Mdogo wake alitaka waifungue kwa mvuke wa birika. "Wewe, acha," Fundi Meno akamwambia. "Nimefanya kazi na yule mtu miaka kumi na minne."

Siku ya mahojiano walikuwa watatu mezani: mama mwenyekiti, kijana mmoja wa kuandika, na profesa mzee mwenye miwani minene. Mwenyekiti akafungua bahasha, akasoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma sauti ikapungua.

"Mwombaji ni mhudumu wa usafi. Anafagia na kuosha vyombo. Hajawahi kushika kazi yoyote ya meno. Ni mwaminifu sana."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomchoma Fundi Meno zaidi.

"Na sampuli hizi umezitoa wapi?" mwenyekiti akauliza, taratibu, kama mtu anayemhoji mwizi mwenye adabu.

Fundi Meno alikuwa anatazama kinywa cha profesa, kilichoachama kwa mshangao. Gego la chini, kushoto, alikuwa amelilaza kidogo kwa sababu taya la mzee lilipinda. Alilikumbuka kama mtu anavyokumbuka mwandiko wake.

"Shikamoo, profesa. Hayo meno ya chini yanakubana?"

"Marahaba. Hayabani hata kidogo."

"Yatoe, uangalie upande wa ndani, chini. Kuna nukta mbili."

Mzee akageukia ukuta. Wakasikia leso ikifuta, miwani ikipandishwa. Alipogeuka, mashavu yalikuwa yamebonyea na meno yako kiganjani.

"Zipo," akasema kwa shida. "Naye Daktari aliniapia aliyachonga mwenyewe."

"Profesa, rudisha meno," mwenyekiti akasema. Kisha akashusha pumzi. "Mama, mimi nakuamini. Lakini kanuni inataka mwajiri athibitishe. Nukta haina mahali kwenye fomu. Lete barua nyingine kabla ya Ijumaa."

Alifika kliniki saa nane. Daktari alikuwa peke yake, anakula ndizi.

"Niandikie ukweli," Fundi Meno akasema. "Mistari miwili inatosha."

Daktari akaiweka ndizi chini. "Nikiandika, wataniuliza kwa nini natia sahihi kazi isiyo yangu. Watafunga hapa. Wewe mwenyewe utakula wapi?"

"Ungeniambia tu kwamba huwezi."

"Ungeondoka." Alisema bila kufikiri, kisha akatazama chini. "Wewe ni kama dada yangu."

Fundi Meno akaenda nyuma. Hakuwasha taa. Alichukua ufagio akafagia vumbi la plasta chini ya meza, pembe kwa pembe. Akaosha vibakuli, akavifuta, akavipanga. Daktari alikuja akasimama mlangoni, hajui aingie au arudi.

"Yule mwalimu asiye na meno ya mbele anakuja saa tisa kujaribu meno yake," akasema. "Bado hayajakaa sawa kwenye nta."

"Naona."

"Hiyo nta... unaiyeyusha mpaka ifike wapi?"

Fundi Meno akavua aproni, akaitundika kwenye msumari. "Daktari, mimi ni mhudumu wa usafi. Pamefagiwa."

Akamwekea ufagio mkononi, akapita. Hakuwaaga watu wa dirishani. Nje, mwalimu alikuwa tayari anavuka barabara, kiganja mdomoni kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza Fundi Meno alimsalimia mgonjwa mbele ya kliniki, kisha akaendelea na njia yake. Hakurudi tena.