Tabo Mlimani Sekenke

Siku ya kwanza niliporipoti karakana ya magari ya kikosi chetu, mkuu wa karakana, aliyekuwa na cheo cha Meja, alinikuta nimesimama mlangoni na begi langu. Nikapiga saluti.

"Fundi mpya wa dizeli ni wewe?"

"Ndiyo, afande."

Akatazama nyuma yangu, kana kwamba alitegemea mwanaume atokee. Kisha akasema, "Basi vaa ovaroli. Rejeta ya gari lile inavuja."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Magari yetu yalikuwa yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na injini zake za dizeli zilikuwa za kizamani, zinavuta hewa zenyewe bila kusukumiwa. Hazikuwa zinakufa ovyo, ila mlimani zilikuwa nzito mno. Tukitoka Shelui kurudi Singida kwa barabara ya zamani ya mlima Sekenke, hata lori lililojaa alizeti lilitupita, na askari waliokaa nyuma ya magari yetu walituzomea sisi mafundi.

Ndipo Meja akaja na wazo la kufunga tabo. Tabo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa nyingi ndani ili dizeli nyingi zaidi iungue. Tukarekebisha pampu ya dizeli, tukaweka rejeta kubwa, tukapanua bomba la moshi. Dereva wetu, Koplo Mkumbo, ndiye aliyejaribu gari la kwanza. Alipofika juu ya Sekenke aliruka chini anacheka, akanishika mkono.

"Dada fundi, leo tumepanda!"

Kwa kuwa injini iliweza, mizigo ikaongezwa. Breki zikabaki zilezile za dramu, ambazo hupata moto upesi. Hakuna aliyelisemea hilo. Karakana nzima tuliwaza kupanda tu.

Wakati wa mazoezi, Mkumbo alikuwa anateremka Sekenke na askari kadhaa, mahema na mapipa ya maji. Breki zilipata moto mpaka zikakataa kushika. Akaona bonde upande mmoja, akalibamiza gari kwenye ukuta wa mlima upande wa pili kwa makusudi, upande aliokaa yeye. Wale askari walitoka na michubuko. Yeye alivunjika mguu, akapelekwa hospitali Kiomboi.

Kwenye kikao cha uchunguzi niliitwa na mimi. Ofisa aliyeongoza kikao alikuwa tayari na jibu: dereva alikwenda kasi. Mkumbo angefukuzwa kazi akiwa bado kitandani.

Meja akasimama. "Hapana. Gari lile nililibadilisha mimi. Nililipa nguvu ya kwenda, sikulipa nguvu ya kusimama. Dereva alikabidhiwa tu."

"Unajua maneno hayo yatakufanya nini, Meja?"

"Najua."

Mkumbo akabaki kazini, ila Meja hakupandishwa cheo tena. Karakana walimwachia aendelee nayo, na tukaanza kazi upya: breki za diski, klachi imara, springi ngumu, ndipo tabo. Baadaye zilikuja injini zinazoongozwa na kompyuta, nikajifunza hizo pia, kwa taabu.

Sasa nimestaafu, nalima alizeti Kiomboi. Mafundi vijana wakinipigia simu kuuliza namna ya kuongeza nguvu ya injini, nawauliza kwanza gari lao linasimamaje. Wengine wanaona nakwepa swali.

Lakini katika miaka yangu yote ya kazi, ninachokikumbuka zaidi si injini. Ni siku Meja alipostaafu, akiwa bado Meja. Kwao ni upande wa Shelui. Mkumbo, aliyekuwa amerudi kwenye usukani ingawa anachechemea, aliomba ampeleke yeye, kwa gari letu la breki za diski. Mimi nilikaa nyuma na mizigo. Tulipoanza kuteremka Sekenke aliingiza gia ndogo, mikono imekaza usukani. Akamgeukia Meja amwambie kitu, kisha akaghairi, akatabasamu peke yake.

Meja alikuwa amelala usingizi, anakoroma taratibu, na alilala hivyo mpaka tukafika chini.