Neno la Jumatatu

Mjukuu wangu, ipo Jumatatu moja ya wakati wa Mwingereza ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, pamoja na uzee huu wote. Nilikuwa mwalimu mpya, bado sijathibitishwa kazini, nafundisha darasa la pili katika shule ndogo ya makuti kando ya barabara ya Bagamoyo, ukishapita Boko. Mkuu wa shule alikuwa Mpare mmoja mrefu, Mwalimu Elieza, mtu wa kanisa, mpole, lakini kwenye Kiingereza hakuwa na mchezo. Kila Jumatatu, kabla ya kengele, alituandikia walimu wake neno moja gumu ubaoni, tulieleze maana na kulitolea mfano. Wenzangu walilichukia zoezi lile. Mimi nililisubiri kwa hamu, maana nilijiona bingwa.

Siku hiyo aliandika "eyeservice". Ni neno la nadra; nimekutana na Waingereza wenyewe wasiolijua. Ni jicho na utumishi, vimeunganishwa vikawa neno moja. Nikanyoosha mkono haraka. Nikasema ni ile kazi ambayo mtu huifanya pale tu mkubwa wake anapomtazama, na mkubwa akigeuka, kazi imekwisha. Kwa mfano nikamtaja mfagiaji wetu, Mzee Mpili, ambaye ufagio wake ulichangamka kila alipomwona mkuu anatoka ofisini. Walimu wakaangua kicheko. Mzee wa watu alikuwa uani, analisikia jina lake na hajui tunamchekea nini.

Mwalimu Elieza hakucheka. "Maana umeipata, Mwalimu Saidi," akasema. "Matumizi bado."

Niliudhika, nakwambia kweli. Nilidhani mzee ananionea wivu.

Wiki ile ile tukapata habari kwamba mkaguzi wa elimu anakuja. Yeye ndiye angeamua kama nithibitishwe au nifukuzwe, na darasa langu lilikuwa halijui kusoma. Nisikufiche: vipindi vingi nilikaa mezani najisomea Kiingereza changu huku watoto wakiimba silabi wenyewe, na mkuu akipita dirishani nasimama na chaki mkononi. Mama yangu kule Bunju alinitegemea mimi tu. Basi nikafanya ujanja. Niliazima wanafunzi watatu wa darasa la nne, nikawaweka benchi la mbele, nikawaambia wao ndio wanyooshe mikono.

Landrova ya mkaguzi ilikuwa inasimama nje Mwalimu Elieza alipoingia. Akawatazama wale watatu, magoti yamekaribia videvu kwa udogo wa mabenchi.

"Nyie mmerudishwa darasa lini?" akawauliza taratibu. "Haya, rudini darasani kwenu."

Wakatoka. Mkaguzi akaingia, watoto wakasimama kumsalimu. Akamwita mmoja asome ubaoni, akashindwa. Wa pili akashindwa. Wa tatu akaanza kulia. Mkaguzi akanitazama, kisha akamwuliza mkuu kwa Kiingereza, mbele yangu, kama kijana huyu anafaa kubaki.

Mwanangu, Mwalimu Elieza alikuwa na haki ya kusema lolote. Ukweli alikuwa nao, na neno lenyewe alikuwa nalo. Akalitumia, ila si kwangu.

"Bwana, aliyefanya eyeservice hapa ni mimi," alisema. "Nilikuwa napita dirishani nionekane nakagua, nikimwona kijana amesimama naridhika, naenda zangu. Sikuwahi kuingia nikakaa na watoto hawa. Naomba muhula mmoja."

Mkaguzi akakubali. Mimi nilitamani kulia kama yule mtoto.

Tangu kesho yake mkuu alikuja darasani kwangu na kiti chake. Tulifundisha kwa zamu, mtoto mmoja mmoja, na hakunisema hata siku moja. Vitabu vyangu vya Kiingereza nikaviacha nyumbani. Mzee Mpili naye nilimwomba radhi, akashangaa. "Mwalimu, mie nilikuwa nawahi kumaliza, vumbi lisimkute mkuu," akasema. "Yule ana kifua." Kumbe hata yule niliyemfanya mfano sikuwa namjua.

Masika yalipokwisha watoto wale walikuwa wanasoma, nami nikathibitishwa. Miaka yote niliyofundisha, nyumba hii, baba yako niliyemsomesha, vyote vimetokana na yale aliyoyasema mtu yule mbele ya mkaguzi. Namshukuru kila nikiamka. Na wewe nakuomba umshukuru, ingawa hukumwona.

Basi shika hili. Utajifunza maneno mengi ya kutaja kasoro za watu, tena mengine matamu kuyasema. Kila ukilipata moja, jipime nalo wewe kwanza. Na utakapokuwa mkubwa wa kazi, aliye chini yako akakosea, tafuta fungu lako katika kosa lile, ulitamke mbele ya wenye uamuzi. Hujui ni nani na nani wanaokula kwa mkono wake.

Mungu akupe kazi utakayoifanya vizuri hata usipotazamwa. Akukutanishe na wakubwa wa namna ile, na ukiwakosa, akujalie wewe uwe mmoja wao.