Mashine Yenye Mwendo Mmoja

Vumbi likipata moto ndani ya mashine ya zamani hutoa harufu yake, nayo mimi naijua. Juzi fundi mmoja hapa Masisi-centre alichomeka mashine ya bobini kwenye umeme wake wa sola ili nione kama inafanya kazi. Harufu ile ikapanda, na papo hapo nikasikia harufu ya jibini. Kibandani mwake hamkuwa na jibini. Mlikuwa na simu zilizopasuka vioo na redio zisizo na migongo. Jibini ile ilitoka Mushaki, ilitoka siku ambayo Papa yangu alikwenda kuchagua mashine kwa namna pekee ya kuchagua aliyoijua, yaani ile ya kuchagua ng'ombe.

Niwaeleze mashine yenyewe, ninyi mliozaliwa mkikuta simu. Ni sanduku lenye bobini mbili usoni, moja imejaa utepe, nyingine tupu. Utepe unatoka huku, unapita mbele ya kijichuma kinachousoma, unajiviringisha kule. Ukiisha, unaurudisha mwanzo. Hakuna la ajabu hapo, na Papa aliliona hivyo hivyo, ndiyo maana hakuuliza mtu.

Mama yangu, Faida, alizaliwa Walikale msituni, akaolewa huku kwetu kwenye vilima vya malisho. Alikuja na sanduku la nguo. Ndani ya sanduku kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo bobini moja ya utepe. Padri mmoja wa zamani, mpenda nyimbo za watu, alikuwa amemrekodi mama yake Mama, ambaye sisi tunamwita Koko, akiimba na wanawake wenzake wakikausha kijito ili wakamate samaki. Wanaziba maji kwa matope na majani, wanayachota kwa vikapu, wanaimba mpaka samaki wabaki wanarukaruka chini. Koko alikufa Mama akiwa hajajua hata kufunga kitenge. Hakuukumbuka uso wake, hakuikumbuka sauti yake. Padri alipomkabidhi utepe kabla ya kurudi kwao, alimwambia kwamba katikati ya wimbo Koko anaacha kuimba na kumwita yeye kwa jina.

Basi Mama aliishi na jina lake ndani ya kopo miaka yote ile. Sisi watoto tuliruhusiwa kulifuta vumbi kopo, si kulifungua. Mimi Riziki, kifungua mimba wake, nililifungua mara moja, nikanusa utepe, nikachapwa.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, Papa alisikia kwamba Papa Anselme wa Mushaki, mtengeneza jibini, ana mashine mbili za bobini. Mzungu aliyemfundisha kazi aliziacha. Papa alizungukazunguka zizini siku mbili. Siku ya tatu alimtoa zizini mtamba wetu Mwezi, aliyekuwa na baka jeupe pajini, akamfunga kamba shingoni, akamwambia Mama, "Vaa. Tunaenda kuchagua."

Niwaambie ukweli, Papa alijua ng'ombe. Watu walimwita kutoka mbali aje tu asimame zizini mwao na kunyamaza. Alikuwa akimfungua ng'ombe mdomo, anamgonga mbavu, anampita nyuma kumtazama akitembea, kisha anauliza mama yake alikuwa wa nani. Hakukosea. Na mtu asiyekosea kwa ng'ombe huanza kudhani dunia nzima ina kiwele.

Tulitoka asubuhi, Papa mbele na kamba, mimi nyuma ya Mwezi na fimbo, Mama nyuma yetu sote. Kopo alilifunga kwa kitenge mgongoni, na kila tulipokutana na mtu njiani aliulizwa mtoto ni wa kike ao wa kiume.

Chumba cha jibini cha Papa Anselme kilikuwa na giza na baridi, na harufu iliyokukamata puani ikakukalisha chini. Jibini zilipangwa kwenye mbao mpaka darini. Katikati yake zilikaa mashine mbili, na kwa kuzitazama tu usingejua kama zinauzwa ao zinaivishwa. Moja ilikuwa kubwa, ya kijivu, uso wa chuma. Nyingine ilikuwa ndogo, kifuniko kimevunjika sikio, ubavuni ina kijiti cha kusukuma.

Papa Anselme aliwasha jenereta, akaweka utepe wake wa akordeoni kwenye ile kubwa. Ikapiga vizuri. Akauhamisha kwenye ndogo. Ikapiga vizuri vilevile. Halafu akasukuma kile kijiti, na akordeoni ikazama chini, ikaanza kwenda pole kama watu wanaopeleka maiti.

"Hii ndogo iko na myendo mbili," alisema Papa Anselme. "Ya mbio na ya polepole. Ile mukubwa iko na moja tu, ya mbio."

Papa alirudi nyuma hatua nzima. "Kwa nini kitu moja iwe na myendo mbili?"

"Njo vile walitengeneza."

"Wapi. Leo inatembea polepole, kesho inakimbia nayo mu shamba ya watu. Mimi siweke kwangu kitu ya tabia mbili."

Akaiendea ile kubwa. Jamani, nilikuwa mtoto lakini niliona aibu. Aliigonga ubavu wa kushoto, akaigonga wa kulia, akaweka sikio. Alipita nyuma yake na kuchuchumaa, akaitazama ikizunguka. Aliinama akainusa penye matundu ya hewa. Kisha akauliza, bila kucheka, "Ilitoka kwa nani mbele ya muzungu?" Papa Anselme, naye mfugaji, akajibu kwa adabu kwamba ilitoka kwa ndugu ya muzungu, na kwamba huko nako haikuwahi kuugua. Mwisho Papa aliikumbatia na kuinyanyua, mishipa ya shingo ikamtoka, akaishusha na uso wa furaha. Ilikuwa nzito. Kwa Papa, uzito ulimaliza maneno.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Papa Riziki," alisema taratibu, "mimi naona ile ndogo inasikika muzuri."

"Mama Riziki, ile iko na mifupa tu."

Papa Anselme, mtu mwema, alimgeukia Mama. "Mama, uko na bande yako, ile utepe, pale mugongoni. Weka tusikie nayo, njo utajua."

Mama akalivuta kopo mbele, akalikumbatia. "Hapana. Mama yangu hajaniita tangu niko mudogo. Hataniita mara ya kwanza mu nyumba ya fromaji."

Ikachaguliwa ile kubwa. Tulikunywa maziwa, Papa akasifu jibini, Papa Anselme akamsifu Mwezi. Kisha Papa akafanya kile ambacho kila mtu kwetu hufanya akitoa ng'ombe. Alimfungua Mwezi kamba, akaiviringisha, akaitia begani. Kwetu kamba haiendi na ng'ombe, mpokeaji huja na yake. Papa Anselme aliitazama ile kamba, akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani kututilia mashine kwenye gunia.

Papa aliibeba mwenyewe mpaka nyumbani na hakutaka kusaidiwa. Mimi sikuwa na mtu wa kumswaga, nikalia njia nzima kwa ajili ya Mwezi, nikipanguswa na kitenge cha Mama.

Nyumbani tulifungua gunia. Mashine ilikuwapo, bobini tupu ilikuwapo. Nyuma, mahali pa kuingiza kable ya umeme, palikuwa na matundu mawili tu yakitutazama. Tuligeuza gunia nje ndani. Kesho yake Papa akarudi Mushaki kwa hasira, kamba yake begani kama kawaida, na mimi nikamfuata kwa sababu nilitaka kumwona Mwezi.

"Papa Anselme, kable ya mashine iko wapi?"

"Iko hapa. Iko yangu."

"Iko yako namna gani?"

Papa Anselme hakuwa anatania, na hilo ndilo lililonifanya niuume mkono nisicheke. "Papa Riziki, ulinipa ngombe, ukakamata kamba yako. Mimi nikakupa mashine, nikakamata yangu. Ao mila iko ya ngombe yako peke yake?"

Papa angesema nini? Yeye ndiye aliyeigonga mashine mbavu na kuiuliza ukoo wake. Kitu ukishakifanya ng'ombe, ni ng'ombe. Akashusha kamba begani, akaitoa kwa mikono miwili. Papa Anselme akaipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akatoka na kable, akaitoa vilevile. Wakaagana kwa heshima kubwa. Mwezi hata hakunitazama.

Jumapili baada ya misa tuliipeleka mashine kwenye sale, ukumbi wa parokia, kwa sababu huko kulikuwa na jenereta. Nusu ya waumini walibaki. Mama alikaa kwenye benchi la mbele na kitenge chake cha Pasaka, akaweka utepe mwenyewe, padri alipotaka kumsaidia akakataa. Papa akabonyeza.

Kilichotoka mle kilikuwa vifaranga. Wimbo wa wanawake wazima wa Walikale, wenye matope magotini, ulitoka mwembamba, wa mbio, pii pii pii, kama wanakimbizwa na samaki wenyewe. Sale ikaangua kicheko. Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Katikati vifaranga wakanyamaza, mmoja akalia peke yake kidogo sana, kisha wote wakaendelea. Hapo ndipo nilipomtazama Mama. Alikuwa ameinama mbele mikono imeshika magoti, na jina lake lilikuwa limempita.

Alimgeukia Papa. Papa alikohoa. "Watu wa Walikale," alisema, "banaimbaka mbio."

Watu wakaacha kucheka mmoja mmoja, na Papa akaurudisha utepe mwanzo. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mashine kama anayekaa kukamua. Akabonyeza, na vifaranga walipoanza akaweka kiganja chake juu ya bobini iliyojaa, akaikandamiza kidogo kidogo. Sauti ikashuka. Ikayumba, ikapanda, ikashuka tena, mpaka wakawa wanawake. Walikuwa wanawake walevi kidogo, lakini walikuwa wanawake. Jasho likamtoka Papa. Kisha waimbaji wakanyamaza, na mama mmoja akaita kwa lugha ya kwao: Faida, toka kwenye maji. Mkono wa Papa ulikaza hapo, jina likarefuka, Faaaiiida, mpaka likakaribia kusimama.

"Njo yeye," alisema Mama, akalia wazi mbele ya parokia nzima.

Tangu siku ile, kila Mama alipotamani, tulimbeba yule ng'ombe wa chuma mpaka parokia. Papa anakaa, anaweka kiganja, wimbo unakwenda ukiyumba. Kila ulipofika penye jina mkono wake ulikaza na jina likavutika. Sisi watoto tulimcheka. Tuliona mkono umechoka, maana ilikuwa palepale kila mara. Kamwe hakukiri kwamba alichagua vibaya. Mpaka anakufa alikuwa akisema mashine ya Mushaki ni nzito, na kwamba hiyo ndiyo habari yote.

Baadaye yakaja yale ya vita mnayoyajua. Tulipokimbilia kambini Lushebere mashine ilibaki, tuliporudi hatukuikuta. Kopo Mama alikuwa amelifunga mgongoni.

Kwa hiyo juzi, kwa yule fundi, niliigonga mashine mbavu zote mbili. Nikapita nyuma yake, nikachuchumaa. Nikauliza ilitoka kwa nani. Kijana akanitazama kwa huruma. Lakini niliuliza pia kama ina miendo miwili, na kabla hatujakubaliana nilishika kable mkononi na sikuiachia.

Nyumbani nilichomeka mashine kwenye sola yetu, nikamkalisha Mama karibu na mlango. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Nikasukuma kijiti kwenye mwendo wa polepole, nikaondoa mikono yangu, nikakaa kama bosi. Wimbo ukatoka safi, umenyooka, maji yanasikika yakimwagwa. Wakanyamaza. Koko akaita, wimbo ukaendelea hadi mwisho. Nikangoja kusifiwa.

"Iko muzuri," alisema Mama. "Iko yeye kabisa." Akaigeuzia mashine sikio. "Lakini ameniita mbio."

"Mama, njo vile alisema mwenyewe. Njo mwendo yake."

"Najua. Weka sasa ile ingine, ya mbio. Uweke na mukono." Nilipobaki nimemkodolea macho, akacheka kidogo. "Papa yako alikuwa anangojea pale pa jina. Anakamata nguvu, ili nisikie muda murefu. Ulizani anachoka?"

Niliurudisha utepe mwanzo, nikasukuma kijiti. Vifaranga wakaanza. Niliweka kiganja juu ya bobini, na ilikuwa na moto kuliko nilivyofikiri, inakwangua ngozi. Papa alikuwa na alama hapo, chini ya kidole gumba, na mimi maisha yangu yote nilidhani ni ya kamba za ng'ombe. Niliposikia wanawake wananyamaza, nikakaza.