Majina ya Tumbo la Mama

Nikisikia harufu ya unga wa mtama, naikumbuka safari ya kutwa nzima kutoka Dar hadi Nachingwea, kisha baiskeli ya mjomba hadi Chinongwe. Mama alikuwa amefariki. Bibi mzaa mama alituita, mimi na dada yangu mdogo, atutambulishe kwa wazee tuhesabike wa pale.

Kwenye kaburi la mama yake alinigeukia. "Haya, mume wangu, taja watu wako."

Nikamtaja baba, babu, na baba yake babu.

Bibi alicheka. "Hao ni watu wa baba yako, aliyekuja kuoa tu! Huku tunafuata tumbo la mama."

Akadondosha unga wa mtama kidogo juu ya kaburi, akataja jina la mama yetu. Akadondosha tena, jina la mama yake yeye bibi, na wa nyuma yake. Unga uliisha, majina hayakuisha. Aliendelea kudondosha kwa vidole vitupu, nami nikayarudia majina nyuma yake. Wanawake wote wale, mpaka kwetu!

Siku niliyoondoka Chinongwe, bibi alinisikiliza nikiwataja wote bila kukosea.

"Sasa kawafundishe watoto wa dada yako," akasema. "Wako watakuwa wa mama yao."